Julai Umechelewa: Mjadala wa Panya wa Golf

Juni inapoingia Lubumbashi, baridi ya usiku hushuka chini ya digrii 10, na katika nyumba za Golf dari huanza kusikika. Kwanza ni mkwaruzo mmoja juu ya chumba cha watoto. Baada ya wiki mbili ni mbio. Asubuhi moja mfuko wa unga wa kilo 25 unakutwa na tundu kwenye kona, unga umechora mstari hadi nyuma ya kabati, na mtoto anatumwa barabarani kununua sumu. Wachuuzi wa sumu wanaujua vizuri mwezi huo. Ndio mavuno yao.

Nyumba moja hufanya hivyo, na ya pili, na ya tatu, kwa wakati uleule mmoja, na mwaka unaofuata panya wako palepale. Watu hubishana kwa hamasa juu ya sumu ipi ni kali na paka yupi ni mwindaji. Swali la lini halipati mtetezi.

Golf ni mahali pa kufaa kuliuliza. Mtaa ulichukua jina la uwanja wa gofu wa zama za Wabelgiji, na sehemu yake ya zamani ina nyumba kubwa, bustani, miembe na miparachichi. Kisha mji ukasogea: Golf Plateau, Golf Météo, Golf Malela, Golf Faustin. Huko nyumba ya ghorofa hupakana na lupangu tupu, yaani kiwanja kisichojengwa, lenye majani ya kufika kifuani, na mvua zikianza watu hupanda mahindi hadi kwenye msingi wa ukuta. Kwa panya, kutoka shambani hadi jikoni ni hatua kumi.

Wanaozungumza hapa ni sauti tano zisizotajwa majina. Mwandishi amezikalisha chini ya mwembe mmoja mwishoni mwa Septemba, wakati joto limepanda, vumbi jekundu limelala juu ya kila jani, na mvua ya kwanza haijanyesha. Kila moja inabeba hoja yenye watetezi wengi mtaani.

Mama mwenye duka la unga alitangulia, kwa sababu ndiye anayepoteza zaidi. Dukani kwake kuna unga wa mahindi, maharagwe, kapenta wakavu na mafuta ya mawese.

“Panya wangu hawana msimu,” alisema. “Januari wapo, Agosti wapo. Mnaniambia habari za baridi, za mvua, za mavuno. Dukani kwangu mavuno ni kila siku. Panya anafuata chakula, na mimi sina mwezi wa kufunga duka.”

Hoja yake ina uzito. Panya anayemsumbua ni panya mweusi, Rattus rattus, yule mwembamba mwenye mkia mrefu kuliko kiwiliwili, mpandaji hodari, mkazi wa dari na mbao za paa. Mimba yake huchukua wiki tatu na kidogo. Kwa kawaida huzaa watoto watano hadi wanane, na jike huwa tayari kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne. Akipata chakula, maji na mahali pakavu mwaka mzima, huzaa mwaka mzima. Duka la unga humpa yote matatu bila kukatika. Kalenda ya mama ni ya kweli, kwa dari yake.

“Mama, panya wa darini nakukubalia,” alijibu dada anayesoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. “Lakini wale wanaotokea Juni kwa mkupuo, wakitoka nyuma ya ukuta, je, ni walewale? Umewahi kumgeuza mmoja ukamtazama tumbo?”

Wengine walishangaa, lakini swali lilikuwa na maana. Panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, hutambulika kwa jike lake: ana chuchu nyingi kupita kawaida, 16 hadi 24, zilizopangwa kutoka kifuani hadi kinenani. Kwa wastani huzaa watoto 11 hivi kwa mara moja. Ameenea karibu Afrika yote ya kusini mwa Sahara, na maisha yake yamechunguzwa kwa undani wa kipekee Morogoro, Tanzania.

Huko, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, miongoni mwao Rhodes Makundi na Robert Machang'u, pamoja na Mbelgiji Herwig Leirs wa Antwerp, wametega mitego ya kumnasa panya akiwa hai. Walimtia alama, wakamwachia, wakarudi mwezi uliofuata kuhesabu upya. Kazi hiyo ya subira ilionyesha kwamba panya shamba hazai ovyo. Husubiri mvua. Mvua huotesha majani, majani hutoa mbegu, na uzazi hushika kasi wiki kadhaa baadaye. Watoto wa mvua hiyo hujaa mashambani mvua inapokoma. Mwaka ambao vuli ya Oktoba hadi Desemba imenyesha sana, uzazi hupata nafasi ya ziada, na hatari ya panya kufurika mwaka unaofuata huongezeka. Leirs na wenzake walichapisha msingi wa utabiri huo mwaka 1996, na mwaka uliofuata jarida la Nature likatoa hesabu zao za jinsi mvua na msongamano wa panya vinavyoongoza idadi yao.

Papa mstaafu wa reli alitikisa kichwa. “Mwanangu, Morogoro wana vuli na masika. Sisi mvua yetu ni moja. Inaanza Novemba, inakwisha Machi au Aprili, halafu kipwa, majira yetu ya ukame, kinatukausha mpaka Oktoba. Usituletee kalenda ya wenyewe.”

Hilo ndilo pingamizi bora la mjadala mzima, na dada hakulikwepa. Ushauri wa kilimo na afya huharibika mara nyingi kwa kunakiliwa kutoka nchi yenye mvua nyingine. Lubumbashi, juu ya uwanda wa zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hupata milimita 1,200 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote katika kipindi hicho kimoja. Toka Mei hadi Septemba mbingu hufunga kabisa. Kinachosafiri kutoka Morogoro ni kanuni ya kuhesabu kuanzia mvua. Majina ya miezi hubaki Morogoro.

Akachukua kijiti, akachora vumbini. Mvua hushika Novemba. Januari na Februari majani yamejaa mbegu, na panya shamba anazaa. Kizazi cha kwanza kinakua, majike yake nayo yanazaa kabla majani hayajakauka. Aprili na Mei mahindi yanavunwa: chakula kilichokuwa kimetawanyika uwanjani kinaokotwa chote na kuingizwa ndani ya nyumba, katika magunia. Juni baridi inakuja. Julai na Agosti pembezoni mwa mji moto unapita msituni na kwenye mapori ya majani, na kinachobaki nje ni majivu. Panya wote waliozaliwa tangu Februari wana njaa kwa pamoja, na harufu ya unga inatoka chini ya mlango wa jikoni.

“Kwa hiyo wale wa Julai,” alisema, “walitengenezwa Februari. Sisi tunawaona miezi mitano baadaye, tunasema wameingia leo.” Kisha akaongeza, kwa uaminifu unaostahili kusifiwa: “Hii ni hesabu yangu kutokana na mvua yetu. Mitego kumi kila mwezi, mwaka mzima, katika mtaa huu, ndiyo itakayoithibitisha au kuikosoa.”

Mpiga dawa alikuwa kimya hadi hapo. Ni kijana mwenye pampu mgongoni na begi la chambo, na miezi ya kipwa ndiyo inayomlipia kodi ya nyumba.

“Dada, hesabu yako nzuri,” alisema, “lakini Oktoba hakuna anayenipigia simu. Mteja ananiita akiona mavi ya panya kwenye sahani. Halafu mwambie yule ambaye unga wake unaliwa leo angoje Oktoba! Mimi nikiingia Julai natoa ndoo ya panya, watu wanaona kazi imefanyika.”

Ndoo ya panya ni ushahidi wenye nguvu machoni, na ndiyo inayopotosha. Mwaka 2001, Nils Stenseth, Leirs na wenzao walichapisha uchambuzi uliotumia takwimu za Morogoro kulinganisha njia za kudhibiti panya shamba. Matokeo yao yanamhusu moja kwa moja kila mwenye nyumba Golf. Kuua panya wakati tu wamejaa hakupunguzi idadi yao kwa muda mrefu, hata wakiuawa wengi sana. Ili athari idumu, ni lazima waandamwe pia wakati ni wachache.

Sababu inaeleweka bila hesabu ngumu. Panya mia wa Julai hawatafika wote Novemba; njaa, bundi, baridi na moto vitachukua wengi wao. Ukiua sitini, umeua wengi ambao kipwa kingewaua, na arobaini waliobaki wanagawana chakula kile kile, wananenepa. Lakini wale wachache wanaofika Oktoba wakiwa hai ndio akina mama wa Februari. Ukimwondoa mmoja wao, umeondoa ukoo.

“Na chambo je?” papa alimgeukia kijana. “Wewe ndiye fundi. Mwezi gani wanakula?”

Kijana alifikiri, na jibu lake lilimsogeza upande wa pili wa mjadala bila yeye kupenda. Julai, alisema, chambo chake kinashindana na magunia. Nyumba ina unga, mahindi, karanga; kwa nini panya aonje kitu kigeni kilichowekwa jana? Panya huogopa kitu kipya njiani mwake, jambo ambalo watafiti wa Oxford chini ya Charles Elton walilichunguza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walipokuwa wakilinda akiba ya chakula ya Uingereza. Walifundisha kuweka chambo kisicho na sumu kwa siku kadhaa hadi panya azoee, ndipo sumu itiwe. Mvua zikishakolea, chambo kilichowekwa nje kinaloa na kuota ukungu. Kati ya njaa na mvua kuna mwanya: Septemba na Oktoba. Nje hakuna kitu, ndani magunia yamepungua, panya ni wachache na wana njaa.

Kuna suala la aina ya sumu ambalo haliwezi kupitwa. Kinachouzwa barabarani katika vifuko visivyo na maandishi huweza kuwa chochote. Fosfidi ya zinki huua kwa saa chache. Panya aliyeonja kidogo akaugua na kupona hatagusa tena. Sumu za kuzuia damu kuganda, kuanzia warfarini iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi bromadioloni za leo, huua baada ya siku kadhaa, kwa hiyo panya hahusishi ugonjwa wake na chakula. Zina dawa inayozipinga, vitamini K1, ambayo daktari anaweza kumpa mtoto aliyezila kwa bahati mbaya, mradi ajue mtoto amekula nini. Kifuko kisicho na maandishi hakimwambii. Mtoto anayetambaa ndiye anayestahili kufikiriwa kwanza kila chambo kinapowekwa, na mahali pa chambo ni ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye tundu la panya peke yake.

Sauti ya tano ilikuja ikiwa imechelewa: mtu mzima aliyezaliwa Mahagi, Ituri, akafuata kazi za migodi hadi Katanga. Alisikiliza habari za ndoo ya panya, akainua mkono.

“Ndugu zangu, kwetu hatuanzi na panya. Kwetu panya akifa ndani ya nyumba, tunaogopa.”

Eneo la karibu na Ziwa Albert limejulikana kuwa na tauni tangu miaka ya 1920, na Ituri bado inapata wagonjwa. Kijidudu chake kiligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, na mwaka 1898, huko Karachi, Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayekibeba kutoka kwa panya. Panya akifa, mwili wake hupoa, viroboto huuhama, na damu iliyo karibu ni ya mtu aliyelala mkekani. Kwa hiyo penye tauni, kuua panya kwanza ni kuwafungulia viroboto mlango. Dawa ya viroboto hutangulia, hunyunyizwa kwenye mashimo na njia za panya. Panya mwenyewe hufuata.

Lubumbashi haimo katika eneo hilo la tauni, na hakuna sababu ya kumtisha mtu wa Golf. Lakini mzaliwa wa Mahagi alikuwa ameleta kitu ambacho wengine hawakukisema: pamoja na mwezi, kuna mpangilio, nini kitangulie nini. Madagascar inaonyesha yote mawili. Katika nyanda zake za juu, zenye kipwa cha baridi na mvua moja kama Katanga, tauni ina msimu unaojulikana, takriban Septemba hadi Aprili. Mwaka 2017 ilitoka vijijini ikaingia mijini, Antananarivo na Toamasina, ikaacha wagonjwa zaidi ya 2,400 na vifo zaidi ya 200. Nchi inayojua msimu wake wa tauni ina miezi ya kujiandaa, na maandalizi hayo hufanyika wakati ambapo mtu wa kawaida haoni hatari yoyote.

Papa wa reli alirudi na pendekezo. Tuwalipe watoto, alisema. Oktoba, kila mkia wa panya upewe faranga kadhaa. Mtaa utasafishwa kwa wiki moja.

Mji huu una kumbukumbu yake ya jambo la namna hiyo. Msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, katika kazi yake ya mwaka 2013 alichanganya picha za mji zilizopigwa kutoka angani na picha za nzi na mbu wa mkusanyiko wa makumbusho, pamoja na picha ya zamani ya mwaka 1929: Waafrika wamesimama mbele ya lundo la nzi. Katika Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 ili apewe posho yake ya chakula ya siku. Kati ya mji wa Wazungu na ule wa Waafrika uliwekwa ukanda mtupu, kwa hoja kwamba mbu hawezi kuuvuka. Huo ulikuwa udhibiti wa wadudu uliogeuzwa kuwa udhibiti wa watu, na mzee yeyote wa Kamalondo, mtaa wa Waafrika wa zama hizo, ana haki ya kukunja uso akisikia mtu anapendekeza kuhesabu mikia.

Hata mtu akiiweka historia hiyo kando, hesabu ya mikia ina kasoro yake. Hanoi, mwaka 1902, utawala wa Kifaransa ulilipa kwa kila mkia wa panya. Mikia ikaja kwa maelfu. Baadaye panya wasio na mikia wakaonekana wakikimbia mjini: walikuwa wamekatwa wakaachiwa ili waendelee kuzaa. Watu wengine wakaanza kuwafuga. Malipo yalinunua mikia, na panya wakabaki.

“Basi turudi kwangu,” mama wa duka alisema. “Mimi nilisema chakula. Mnazunguka dunia nzima, mnarudi kwenye chakula.”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Huko Baltimore, Marekani, katika miaka ya 1940, David Davis na wenzake walihesabu panya mtaa kwa mtaa. Waliona kwamba baada ya sumu panya hurudi kujaza nafasi iliyoachwa, na kwamba kinachoamua ukubwa wa kundi ni taka na maficho. Palipofungwa mapipa na kuondolewa maficho, idadi ilishuka na kubaki chini. Jalala la Golf linalokaa wiki mbili bila kuchukuliwa ni shamba la mahindi lisilojua kipwa. Linawavusha panya miezi ile ambayo njaa ingewapunguza. Hapo ndipo hoja ya mama na hoja ya dada zinapokutana, ingawa wao walidhani wanapingana: msimu una nguvu pale tu ambapo njaa inaachwa ifanye kazi yake. Duka lisilofungwa vizuri na jalala lisiloondolewa huufuta msimu.

Habari ya paka ilipita haraka. Kwenye kituo cha taka cha Brooklyn, New York, kamera ziliwafuatilia paka na panya kwa siku 79, na paka waliua panya wawili tu. Hao walikuwa panya wakubwa wa kahawia. Paka wa Golf akikutana na panya shamba mdogo ana nafasi nzuri zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Eswatini, wakati huo ikiitwa Swaziland, uligundua kwamba nyumba zenye paka na mbwa pamoja zilikuwa na nyendo chache za panya, na kwamba paka peke yake au mbwa peke yake hakutosha.

Juu ya bundi, mwandishi ana neno lake. Bundi wa maghalani, yule mwenye uso mweupe kama moyo, hula panya usiku baada ya usiku, hasa anapolisha makinda. Mitaani anapigwa mawe kwa sababu anadhaniwa kuwa mjumbe wa wachawi, na anakufa pia kwa kula panya aliyekwisha kula sumu. Kumuua ndege huyo na kununua sumu mwezi huohuo ni hasara mara mbili, na inauma kuona watoto wakifundishwa kumchukia.

Ilibaki kazi yenyewe. Hapa mpiga dawa alizungumza kwa muda mrefu kuliko wote, kama mtu aliyegundua kwamba ana bidhaa nyingine ya kuuza. Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu la milimita 6 au 7. Panya mweusi huhitaji upana wa dole gumba hivi. Matundu yako palepale katika kila nyumba: bomba la maji linapoingia ukutani, waya wa umeme unapopenya dari, kona ya bati na ukuta, chini ya mlango wa jikoni. Saruji peke yake panya huitafuna ikiwa mbichi. Ichanganywe na wavu wa chuma. Kipwa ndio wakati ambao Lubumbashi nzima hufyatua matofali na kujenga, saruji hukauka bila kunyeshewa na mafundi wako kazini. Agosti na Septemba, basi, ni miezi ya kuziba. Tawi la mparachichi linalogusa bati likatwe siku hiyohiyo, kwa sababu ndilo daraja la panya wa darini.

“Sasa mnanipa kazi ya miezi miwili badala ya ndoo moja,” alisema, na dada akamjibu kwamba kazi ya miezi miwili hulipa zaidi ya ndoo moja. Hakupinga.

Mama aliuliza gharama. Wavu, saruji, fundi: kwa duka dogo ni faida ya siku kadhaa. Kwa jirani yake anayeishi katika nyumba ambayo haijaisha, yenye madirisha ya magunia, ni fedha asiyokuwa nayo. Swali hilo halikupata jibu kamili, isipokuwa lile la Msumbiji. Katika wilaya ya Morrumbala, jimbo la Zambezia, Steven Belmain na wenzake walifanya kazi na wanavijiji waliotega mitego ya kawaida ndani ya nyumba kila usiku, bila sumu, na panya majumbani wakapungua kwa kiasi kikubwa. Mtego hununuliwa mara moja. Siri ilikuwa kwamba majirani walitega pamoja bila kuacha. Nyumba moja ikitega peke yake, panya wa jirani huhamia.

Hapo papa alikumbuka salongo, kazi ya pamoja ya usafi ambayo kila Mkongomani wa umri wake aliifanya zama za Mobutu, kwa hiari au kwa kulazimishwa. Alipendekeza Jumamosi ya kwanza ya Oktoba kwa barabara nzima, na nyingine mwishoni mwa Machi, kabla magunia ya mahindi mapya hayajaingia ndani: taka ziondolewe, mitego itegwe siku moja, magunia yapandishwe juu ya mbao yakiwa mbali na ukuta ili mtu aweze kupita nyuma na tochi. Mama alikubali Machi bila kusita, kwa sababu ndiyo inayomwokoa Juni. Oktoba aliiafiki kwa masharti: jalala lihamishwe kwanza, la sivyo yeye hafungi duka nusu siku.

Ubishi wa mwisho ulikuwa juu ya lupangu tupu la jirani, ambalo mwenyewe anaishi ng'ambo na hupokea simu kwa nadra. Papa alitaka lichomwe moto jioni hiyo, kama inavyofanyika kila mwaka. Mtu wa Mahagi alimshika mkono. Ukichoma leo, alisema, kila kilichomo kitakimbilia nyumba iliyo karibu, na nyumba iliyo karibu ni ya mama. Zibeni matundu yake kwanza, tegeni mitego kando ya ukuta, ndipo mfyeke, kwa panga, mkianzia upande wa nyumba kuelekea barabarani.

Mpiga dawa aliinuka, akazunguka duka na tochi yake ingawa bado ilikuwa mchana, akihesabu kwa sauti. Alipata matundu tisa. La tisa lilikuwa nyuma ya friji, na mkono wa mama ulipita ndani yake hadi kwenye kifundo. Kule lupanguni majani yalikuwa bado makavu, yakivunjika chini ya mguu. Mtoto wa jirani alitumwa kuuliza nani barabarani ana panga la pili.